Salamu za Shukrani: Matanga ya Babu Yetu Aliyekwenda Keya

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu tunawashukuru nyote mliofika Jumamosi iliyopita kumuaga Babu. Tunajua wapo waliosoma tangazo wakadhani tarehe imekosewa, na wawili walitupigia simu kuturekebisha. Haikukosewa. Babu alifariki 12 Februari 1944, na matanga yake tumeyafanya sasa.

Nyumbani tulisema tu "alikwenda Keya", yaani KAR (King's African Rifles), kama wazee wasemavyo kwa kila aliyevaa kaptula ya jeshi la Mwingereza. Kumbe alikuwa mpiga mzinga, kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Mapema Februari mwaka huo walipandishwa meli ya Khedive Ismail hapo bandari ya Kilindini, Mombasa, safari ya Siloni (sasa Sri Lanka), na mbele yake vita vya Burma. Karibu na visiwa vya Maldivi, mchana wa Jumamosi, nyambizi ya Wajapani iliipiga meli kwa topido mbili. Ilizama kwa kama dakika mbili. Humo walikuwamo watu 1,511, wakiwemo 996 wa kikosi chake. Waliotoka hai, ukijumlisha wote, ni 214.

Nyanya hakuambiwa hata nusu ya haya. Aliambiwa mumewe amepotea baharini, basi. Akajibu kwamba kupotea si kufa, na aliyeondoka kwa meli hurudi kwa meli. Akakataa kulia, akakataa kunyolewa, akakataza wazee wasifanye lolote. Alishikilia hivyo hadi alipotutoka mwaka 1991, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Sasa shukrani. Ya kwanza ni kwa binamu yetu mdogo aliyeketi na rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita usiku baada ya usiku. Jina la Babu lilikuwamo, ila karani wa zamani aliandika R mahali pa L, ndiyo maana sisi wengine tulitafuta tukakata tamaa. Kilichomtambulisha ni namba ya jeshi. Tarakimu zilikuwa zile zile zilizoandikwa kwenye karatasi ndani ya Biblia ya Nyanya, karatasi ambayo sote tulidhani ni ya deni la duka.

Jina limechongwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Miaka mingapi tumepita pale kwa matatu tukilalamikia msongamano! Mtunza bustani wa pale, Mungu akubariki. Ulimletea Baba kiti bila kuombwa. Baba alikuwa bado tumboni meli ilipong'oa nanga. Leo ana zaidi ya miaka 80. Alipitisha kidole juu ya zile herufi, ile R akairuka, kisha akasema, "Niacheni naye kidogo."

Mchungaji wetu, asante kwa subira. Wazee walitaka mgomba uzikwe badala ya mwili, kama ilivyo desturi kwetu kwa mtu asiyepatikana, na majadiliano yenu yalitunyima usingizi siku tatu. Uliomba, ukabariki, halafu ukaenda kunywa chai wakati mgomba unashushwa. Tuliona, na tunakushukuru kwa chai ile. Shangazi wa Mombasa, chupa yako ya maji ya bahari kutoka Likoni ilimwagwa yote kaburini. Hapo ndipo Baba alipolia, nasi tukamfuata.

Akina mama wa jikoni, vijana mliochimba kwenye mvua, kwaya, chifu na wazee wa kijiji, wote mliotuma chochote kwa M-Pesa: hesabu ilisomwa mbele ya kamati, na kilichobaki kitachonga jiwe. Jina tutaliandika kwa L. Waliokosa nyama tunawaomba radhi. Tulitarajia watu mia mbili, na hatukujua Babu ana marafiki wengi kiasi hicho.

Kwa familia zingine, popote mlipo Afrika Mashariki, ambazo mliambiwa tu "alipotea baharini" mwaka 1944: nendeni mkatazame mnara huo. Jaribuni tahajia zote, na msitupe karatasi za wazee. Binamu yetu yuko tayari kuwasaidia bila malipo, ingawa sasa anajiona profesa.

Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Ambaye hakutajwa asihesabu amesahauliwa.

Sufuria mbili kubwa, turubai moja la bluu na viti sita visivyo na alama bado viko kwetu. Wenyewe waje wavichukue kabla ya Jumapili.

Ni sisi, familia.