Barua kwa mwanangu anayekwenda Maskati

Mwanangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Jana usiku ulipokuwa ukifunga sanduku uliniambia, “Mama usilie, ni saa tano tu.” Sikuwa nalia, nilikuwa nakata vitunguu. Lakini hizo saa tano nimelala nazo na kuamka nazo, mpaka nikaichukua tiketi yako nikaisoma upya.

Imeandikwa 16:00 na 22:15, yaani saa 10 alasiri na saa 4 na robo usiku kwa hisabu yetu. Nikatoa, nikapata saa 6 na robo. Nikasema huyu mtoto kanidanganya! Kaka yako ndiye aliyenifahamisha: saa ya kuondoka ni ya Unguja, ya kufika ni ya Maskati, na wenzetu wako mbele kwa saa moja. Basi ndani ya ndege ni saa 5 na robo. Siku ya kurudi hiyo saa moja utarudishiwa.

Ukipima moja kwa moja, kutoka hapa mpaka Maskati ni karibu kilomita 3,900. Ndege ikishakaa sawa huko juu hukata kama kilomita 850 kwa saa, kwa hiyo saa nne na nusu na kidogo zingetosha. Zinazobaki huliwa na kutambaa uwanjani, kupanda na kushuka. Na mimi naongeza zangu: saa tatu za kuwahi uwanjani, foleni ya uhamiaji, kungojea mizigo. Mlango kwa mlango hisabu saa kumi, ule vizuri kabla hujatoka.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa baharia wa jahazi, na kilomita hakuzijua. Kwake Maskati ilikuwa pepo mbili. Majahazi yalishuka huku na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Disemba, na tende na papa mkavu; yakangoja upepo ugeuke ndipo yarudi na kusi, upepo wa kutoka kusini, yamepakia boriti za mikoko. Upepo ukiwa mwema, wiki tatu au nne. Kusi ikikaza, Juni na Julai, hakuna aliyethubutu kutweka tanga. Waliochelewa walikaa mpaka demani, kusi inapolegea. Nawe unaondoka Septemba, wakati ule ule wao. Seyyid Said, Sultani wa Omani aliyehamishia makao yake hapa Unguja, alifia baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Maskati. Hili usimwambie bibi yako kama nimekuandikia.

Ukipata kiti cha dirishani, omba upande wa kushoto. Mkisharuka, baada ya kama saa moja mtavuka ikweta, ingawa hakuna utakachokiona. Jua utaliona likizama mapema kuliko sisi huku, maana mnakwenda na upande wa mashariki pia. Magharibi una ruhusa ya msafiri, ukishatua iunganishe na isha. Masikio yakiziba wakati wa kushuka, tafuna kitu. Kashata ziko mfuko wa mbele, na usizimalize zote kabla hamjaruka.

Ukitua, kwetu itakuwa saa 3 na robo usiku. Bibi yako saa 3 huwa keshalala, lakini kasema leo atakaa macho. Piga kabla hujangojea mizigo.

Mama yako