Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Gazeti Letu

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Matoleo 10 ya papur bro yetu, yaani gazeti la Kiwelisi la eneo letu linaloendeshwa na wenyeji, yametoka, Agosti tulipumzika kama ilivyo ada, ruzuku ya Serikali ya Wales imeingia, na nakala za kumbukumbu zimefika Maktaba ya Taifa, Aberystwyth. Matokeo ya Eisteddfod ya Urdd (tamasha la mashindano ya sanaa la chama cha vijana wa Kiwelisi), tanzia na picha za shule vyote vilipata nafasi.

Sasa suala la kupanga na kukunja karatasi za gazeti, ambalo limeniletea lawama kuliko shukrani. Kamati iliamua, nami nasimama nayo, kwamba tangu Septemba kazi hiyo ifanywe na mashine ya mchapaji. Wanaosema nimeua jioni ya kukunja, wanachama walipokusanyika kuifanya kwa mkono, wajiulize walikuwa wapi. Gazeti la kurasa 20 ni karatasi 5 za A3, kila moja ikikunjwa katikati kuwa kurasa nne. Kwa nakala 600 ni karatasi 3,000 za kupangwa kwa mkono. Watu 12 wanazimaliza jioni moja. Walikuwa wakija wanne. Mtu akichoka huruka karatasi, na ikikosekana ile ya tatu, msomaji hukosa kurasa za 5, 6, 15 na 16 kwa mpigo. Malalamiko yalikuja kwangu, si kwa waliobaki nyumbani.

Nimekumbushwa pia kwamba tangu Y Dinesydd, papur bro ya kwanza, ianze Cardiff mwaka 1973, papur bro huishi kwa kujitolea. Kweli, na waandishi, wapiga picha na wasambazaji wetu bado hawalipwi hata senti. Lakini tukumbuke Seren Gomer, gazeti la kwanza la kila wiki kwa Kiwelisi, lililoanza Swansea Januari 1814 na kufa mwaka uliofuata. Habari lilikuwa nazo tele. Lililiwa na kodi ya stempu, iliyotozwa kwa kila nakala ya gazeti, na uhaba wa matangazo. Ndiyo sababu tumepandisha bei ya matangazo na kuiacha bei ya gazeti palepale, pendekezo ambalo, kumbukumbu za kikao zinaonyesha, lilikuwa langu.

Ada: wanachama 68, waliolipa 27. Mkutano mkuu uliopita: waliohudhuria 14, tisa kati yao wanakamati. Tanzia ya jamaa ikichelewa kutoka, simu yangu hulia usiku huohuo. Kuhusu ada, kimya. Na hakuna gazeti jingine litakaloandika kwa Kiwelisi nani kazaliwa na nani kafariki katika bonde hili.

Mwakani, hali ikiruhusu, tunatarajia kuyaweka matoleo ya zamani kwenye intaneti na kupata vijana wa kupanga kurasa. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.