Mwanangu, hiyo helmeti ya bosi wako mrudishie

Mwangaluka mwanangu. Hapa nyumbani hatujambo, maembe yameanza kudondoka na watoto wa jirani wanatupa mawe kwenye mabati tangu alfajiri, kwa hiyo tupo tunaishi.

Juzi ulivyotuma ile picha umekaa kwenye gari la mashindano umevaa helmeti, mashangazi zako wakajaza makopakopa kwenye grupu, mie nikakaa kimya siku mbili, na wewe kimya changu unakijua. Niliivuta ile picha mpaka ikaanza kutoa chenga. Kati ya paji lako la uso na ile sponji ya ndani kuna nafasi, naona giza pale, kidole kinapita na pengine viwili. Mie nimeshona nguo miaka 26 hapa sokoni, nguo inayopwaya naijua hata kwenye picha ya harusi ya watu nisiowafahamu. Hiyo helmeti si yako. Nikakuuliza ya nani, ukasema ya bosi, "ipo tu gerejini mama, iko poa".

Sio poa. Na sikukatazi kuendesha, usije ukaanza kulia, baba yako angekuwepo angekukataza mie sikukatazi, umejifunza ufundi gari kwa jasho lako na kama watu wa Arusha wamekupa nafasi ya kushindana hata kwa ridhaa tu bila malipo nenda. Ila kichwa hakiazimiwi kitu.

Unamkumbuka mjomba wako alivyoanguka na pikipiki akitoka Urambo, wewe ulikuwa darasa la tatu. Watu wote wanasimulia kuwa alivaa helmeti, ndio alivaa, lakini aliiazima kwa dereva mwenzie pale kijiweni, wanaita elementi wale, ilikuwa kubwa na mkanda wa kidevu haukufungwa. Mie nilifika pale. Helmeti tuliikuta mbele yake hatua kama kumi, nzima kabisa haina hata mchubuko, na yeye kichwa kimepasuka. Kile kitu kilichotakiwa kuumia badala yake kilikuwa kimetulia kwenye majani. Kovu lake unaliona mpaka leo anapovua baraghashia.

Nilidhani ni mambo ya kwetu tu ya kuazimana, kumbe hata wakubwa yamewakuta. Mdogo wako amenitafutia kwenye simu, tumemaliza bando la wiki kwa ajili yako. Kuna dereva wa Austria Niki Lauda, alikuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, tarehe 1 Agosti 1976 pale Nürburgring Ujerumani Ferrari yake ikagonga ikawaka moto, na helmeti aliyovaa ilikuwa imefanyiwa marekebisho haikumshika vizuri, ikachomoka, moto ukampata uso mtupu. Madereva wenzie ndio walioruka motoni wakamtoa. Sehemu kubwa ya sikio la kulia ikaondoka. Wiki sita baadaye akarudi kushindana kule Monza akamaliza wa nne, mtu na roho yake, ila mpaka anakufa alikuwa anavaa kofia kuficha yale makovu. Bingwa wa dunia, mwanangu, mwenye hela na mafundi, helmeti imepwaya. Wewe na ya kuning'inia gerejini?

Na hiyo ya bosi wako kuna jambo lingine ulilitaja ukicheka, kwamba "ndo aliyopiga nayo mzinga Morogoro akatoka mzima". Basi imeshatumika. Ukivua kile kitambaa cha ndani utakuta fomu ngumu, ndugu yake na ile stairofomu nyeupe inayokuja kwenye boksi la TV, na kazi yake ni kubonyea. Gari likigonga kichwa bado kinakwenda, fomu inabonyea kidogo kidogo ndani ya zile sentimita chache inakipunguza mwendo, ubongo usisimame ghafla. Ikishabonyea hairudi. Ni kama trei ya mayai iliyokaliwa kwenye kiti cha basi, kwa juu unaona trei, ndani hamna yai. Ganda la nje linaweza kung'aa vilevile na fomu imekwisha. Ndo maana ya mtumba hainunuliwi hata kama anayeuza anaapa, huwezi kujua ilianguka wapi. Alafu wanaotengeneza viwango, wale Snell, wanashauri ibadilishwe kila baada ya miaka 5 hata kama haijagonga kitu, jasho na mafuta ya nywele na gundi vinaila taratibu. Na hapo kwenu gerejini ndo balaa zaidi, maana petroli na stairofomu havikai pamoja, si ulishawahi kudondoshea petroli kipande cha stairofomu ukaona kinavyoyeyuka? Sasa helmeti inaning'inia juu ya dumu la thinna. Kuipulizia rangi pia usiruhusu, kuna rangi zinadhoofisha ganda.

Hao Snell wana historia nimeipenda kwa uchungu wake. Pete Snell alikuwa dereva wa Marekani, wa ridhaa kama wewe, alikufa mwaka 1956 mashindanoni gari ilipopinduka, helmeti aliyokuwa nayo ikashindwa kumkinga kichwa. Rafiki zake mwaka 1957 wakaanzisha shirika kwa jina lake la kuzipima helmeti kwa kuzigongesha kwenye vyuma. Kwa hiyo ukiona stika ya Snell ndani ya helmeti jua ina jina la marehemu.

Hiyo stika ndo ya kuitafuta, iko ndani, mara nyingi unabidi uinue kitambaa uichungulie. Usiangalie stika za nje, za nje hata mie nachapisha pale kwa wanaotengeneza mabango. Helmeti ya gari inaandikwa SA na mwaka, SA2015, SA2020, sasa hivi kuna SA2025. Ya pikipiki inaandikwa M. Nilidhani ni kofia ileile wanatupiga bei, kumbe ya gari wanaipima na vitu ambavyo ya pikipiki hawaihangaishi. Wanaichoma kwa moto wa gesi waone kama unajizima, maana mwenye pikipiki akianguka anatupwa pembeni ila wewe umefungwa mikanda ndani ya gari na tenki la mafuta. Alafu wanaigongesha tena na tena kwenye chuma kama cha ile keji ya mabomba ya ndani ya gari, kwa sababu gari likibingirika kichwa kinagonga bomba lilelile mara mbili mara tatu. Watu wa FIA, shirikisho la magari la dunia, nao wana namba zao, kama 8859-2015, hizo pia ni za gari. Kabla hujatoa hela waulize AAT, kile chama cha magari cha Tanzania, au wakaguzi wa hayo mashindano yenu wanakubali zipi na za mwaka gani, usije ukanunua ya bei chee iliyopitwa ukazuiwa siku ya ukaguzi mbele za watu.

Moto naujua mie kwa upande wangu wa vitambaa. Mteja akileta kitambaa akasema pamba na mie nina wasiwasi nachomoa uzi nauwasha kiberiti, pamba inakuwa majivu, poliesta inajikunja inakuwa kitone cheusi kinachonata, kikikugusa kidole kinashika na ngozi. Sasa fikiria kitone hicho kichwani. Ushungi wako ule wa kuteleza usivae ndani ya helmeti, tafuta ile kofia ya Nomex, kitambaa kisichoshika moto kirahisi, inayoziba kichwa na shingo inabaki macho, ndo wanayovaa, na inakusitiri vizuri tu. Na rasta! Rasta ni plastiki mama, si unaona wasusi wanavyochoma ncha kwa kiberiti zinayeyuka? Fumua. Suka twende kilioni za nywele zako mwenyewe, zilale bapa, hapo umeua ndege wawili maana na kipimo kitatoka cha kweli. Nina uhakika hata hiyo ya bosi kama inakushika kidogo basi ni kwa sababu ya lile fundo la rasta nyuma, siku ukifumua itakuwa inazunguka kama sufuria kwenye kata.

Sasa kupima. Hapa usinifundishe. Kwenye kifurushi nimekuwekea futi yangu ile ya njano, isiyovutika, usitumie zile za mpira zimelegea. Usijipime mwenyewe, mpe mwenzio. Futi ipite juu ya nyusi kama sentimita 2, juu ya masikio, izunguke pale nyuma kichwa kinapotokeza zaidi, ikae sawa isipande upande mmoja. Mpime mara tatu, mchukue namba kubwa. Ukipata tuseme 57 usikimbilie kusema mie ni M, M ya kampuni hii si M ya kampuni ile, ni kama mitumba tu, blauzi ya 12 moja inakubana na nyingine unaogelea. Kila kampuni ina chati yake, namba yako ndo iende kwenye chati.

Na namba haitoshi, kuna umbo. Kichwa chako ni kirefu kwenda nyuma, nakijua nimekikanda kwa mafuta ya nazi ulipokuwa mchanga nikitaka kiwe duara kikagoma, umechukua kwa kina baba yako. Kuna helmeti za vichwa duara na za vichwa virefu. Ukivaa ya duara itakubana paji la uso na kisogo alafu pembeni juu ya masikio pawe wazi, na muuzaji atakwambia chukua saizi kubwa zaidi. Usikubali, saizi sio tatizo, chukua muundo mwingine.

Ukishaivaa ikubane. Mashavu yafutuke kama mtu ana matobolwa, vile viazi vikavu, kila upande, ukitafuna unajing'ata kidogo, hiyo ndo sawa, sponji za mashavu zitalegea zenyewe kwa kuvaliwa kama kiatu kipya, kwa hiyo inayokutosha vizuri dukani ndo itakayopwaya baada ya miezi mitatu. Shika pale kwenye kidevu cha helmeti uizungushe kulia kushoto, ngozi ya uso na nyusi zifuate, ikiteleza peke yake rudisha. Alafu funga mkanda, ule wa ringi mbili, ukaze kweli, inama, mwenzio aishike kwa nyuma pale shingoni aivute kwenda juu na mbele kwa nguvu kama anataka kukuvua. Ikitoka, hata nusu, hiyo ndo ya mjomba na ndo ya Lauda, iache hapohapo. Hili usilifanye kwa aibu ya muuzaji, wateja wangu wanainama wanachuchumaa wananyoosha mikono mbele yangu na siwachukii.

Alafu ukae nayo nusu saa. Angalia tamthilia. Ikibana kote sawasawa vumilia, ikiuma sehemu moja kama kidole kinakuchoma kwenye paji hapana. Wanasema ukivua uangalie alama nyekundu, sasa sisi weusi hiyo nyekundu utaitoa wapi, wewe gusa kwa ncha ya kidole, penye bonde au panapouma ndipo. Vaa na miwani yako pia, na ile kofia ya Nomex, maana tabaka moja la kitambaa nalo ni kipimo.

Chukua inayoziba uso mzima. Najua madereva wa rally wengine wanapenda ya uso wazi waongee vizuri na navigeta, yule anayewasomea njia, hiyo ni hiari yao. Mwaka 2009 kule Hungary springi ilichomoka kwenye gari la mbele ikampiga dereva wa Formula 1 Felipe Massa usoni juu ya jicho, alikuwa na helmeti nzima yenye kioo na bado ilikuwa kidogo. Na huko kwenu mawe ndo barabara.

Kuna kile kidude cha mabegani kinaitwa HANS kinachoshikana na helmeti shingo isirushwe mbele. Dale Earnhardt, dereva wa Marekani, alikufa mwaka 2001 kwa kuvunjika chini ya fuvu, hakuwa nacho, na mwaka huohuo NASCAR, wenye yale mashindano yake ya magari, wakaanza kuwalazimisha madereva. Helmeti za SA2015 kuja juu zinakuja na matundu yake ya skrubu tayari. Msije mkatoboa wenyewe na drili, nawajua mafundi.

Hela. Za bei ya chini huko Marekani zinaanzia kama dola 200 au 300 bila usafiri, najua mshahara wako. Kikoba chetu kinavunjwa mwezi wa 12, nimeshamwambia mwenyekiti hisa zangu ni za helmeti, akaniuliza helmeti ya bodaboda gani ya bei hiyo nikamwambia ya mwanangu. Na mwezi wa kwanza kuna sare za shule, cherehani haitalala. Kwa hiyo usiende kwenye mashindano ya mwezi ujao, waambie mama anashona. Hapo ndo utakasirika, kasirika, ila usiende.

Kifurushi kipo kwenye basi la kesho kupitia Singida, kuna asali, michembe kidogo, na futi imeviringishwa kwenye kanga. Asali bosi mpe chupa ndogo ukimrudishia helmeti yake. Alafu fumua nywele, upimwe, unitumie namba zote tatu na picha ya kichwa kwa juu na kwa ubavu, bila kucheka kwenye picha, mashavu yakivutika siwezi kuona kitu.

Mama yako.