Jumamosi ni Kaizari, someni kabla ya kuja

Wadau habari za jioni, Jumamosi saa kumi palepale, zamu hii tunasoma Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, na kabla hujafungua jua kwamba Shakespeare hakuitoa kichwani ile stori, kaichota kwa Plutarch, Mgiriki wa enzi za dola ya Roma, halafu Jacques Amyot akaitia Kifaransa 1559, Thomas North akaitoa huko akaipeleka Kiingereza 1579, Shakespeare akaipandisha jukwaani 1599, Mwalimu akatuletea sisi 1963. Imepita mikono mingi kuliko mtumba 😂

Mi napenda pale walipotofautiana. Kwa Plutarch, mwalimu mmoja Mgiriki, Artemidorus, anamkabidhi Kaizari hati inayofichua njama yote ya kumuua, anamwambia soma mwenyewe tena haraka, jamaa anajaribu kusoma mara kadhaa ila watu wamemzonga kila mtu na shida yake, anaingia kwenye baraza hati bado iko mkononi! Kwa Shakespeare sasa, Kaizari anagoma, eti linalomhusu yeye litakuja mwisho. Huku bahati mbaya, kule kiburi. Mi naona ya Plutarch inauma zaidi, najua humu kuna watu watanibishia, njooni tubishane.

Someni mpaka mwisho wa tendo la tatu tu. Hotuba ya Antoni, rafiki yake Kaizari, kwenye msiba tutaisoma kwa sauti, nani anajitolea? Na mwenye kopi mbili aje nazo zote amuazime mwenzie.