Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana shuleni kwetu. Sisi wanaklabu tumeomba dakika chache tuzungumzie kipindupindu, maana shule hii ni ya bweni: ikifungwa Ijumaa, Jumapili tumeshatawanyika mikoa mingi kwa mabasi na meli.

Nacho husafiri vivyo hivyo. Agosti 2015 kiliibuka Dar es Salaam. Kufikia Aprili 2016 kilikuwa kimeingia mikoa 23 ya Tanzania Bara, na Zanzibar pia. Wagonjwa walizidi 24,000, na watu zaidi ya 370 walifariki. Mtu huweza kupanda basi akiwa mzima, akaanza kuharisha kesho yake. Wengine hawaugui kabisa, ila vimelea wanaviacha chooni.

Mgeni Rasmi, kimelea chenyewe hakitoboi utumbo. Hutoa sumu inayoulazimisha utumbo mdogo kumwaga chumvi na maji, hadi choo kinafanana na maji yaliyooshewa mchele. Lakini sukari ikiingia utumboni huvuta chumvi, na chumvi huvuta maji. Njia hiyo sumu haiizibi. Ndiyo maana kila mwanaklabu anajua kwa moyo: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, mgonjwa anywe huku akipelekwa kituo cha afya.

Tumetengeneza vibuyu chirizi vinne vya kunawia mikono kwa madumu ya lita tano. Sabuni za mche tulizotundika ziliibwa wiki ile ile. Tukahamia maji ya sabuni ya unga, kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa. Hayo hayajapata mwizi.

Changamoto yetu ni maji. Madumu hukauka kabla ya mapumziko ya saa nne, na hapo ndipo tunapokimbilia mihogo na maembe ya kukatwa.

Tunaomba tenki moja na koki mbili: moja vyooni, nyingine getini wanapouzia mama zetu. Hiyo ya getini tumeitaja kwa makusudi. Kipindupindu kikiingia, mama ntilie ndio wa kwanza kufukuzwa, kumbe wanachokosa ni maji ya kuoshea vyombo. Jukwaa la tofali la kuwekea tenki tumeshalijenga wenyewe, nyuma ya darasa la Kidato cha Pili, na tungependa ulione kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.