Galaksi haijafa, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka na miaka bila kuwasumbua. Ila habari yenu ya wiki iliyopita, ya galaksi za kale, yaani makundi makubwa ya nyota, "zilizokufa" na nyota zake "kuzimika", imenishinda kunyamazia.

Galaksi hizo ziliacha kuunda nyota mpya, basi. Zilizokwisha kuundwa ziliendelea kuwaka, maana nyota ndogo huishi mabilioni ya miaka. Kwani bibi aliyekoma kuzaa mnamwandikia tanzia?

Kijiweni kwetu Magomeni mzee mmoja aliisoma kwa sauti, na kabla kahawa haijapoa tulishafika Kiyama. Nikajaribu kueleza, nikajibiwa: "Mwalimu, imeandikwa gazetini." Imeandikwa! Mistari minne, bila sababu hata moja, na sababu ndiyo habari yenyewe. Nyota huundwa kwa gesi baridi. Galaksi ikinyang'anywa gesi hiyo, au gesi ikipashwa moto isiweze kupoa na kujikusanya, nyota mpya hakuna. Mtuhumiwa mkuu wa kuifukuza au kuipasha moto ni shimo jeusi kubwa lililo katikati ya galaksi, lenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi ya miaka kama bilioni 2 baada ya Mlipuko Mkubwa, yaani mwanzo wa ulimwengu, ikitimuliwa gesi kwa kasi ya kilomita 1,000 hivi kwa sekunde, na kwa kasi hiyo gesi hairudi. Nyingine, GS-9209, iliunda nyota zenye uzito wa majua bilioni 40 hivi ndani ya miaka milioni 200 tu, kisha ikaacha, ulimwengu ukiwa na miaka milioni 800 hivi. Leo una bilioni 13.8! Mapema namna hiyo, ndiyo maana wataalamu wanakuna vichwa. Nyinyi mkaweka picha ya mwezi.

Ya mwezi, Mhariri!

Msiniambie nafasi hakuna. Kila Jumapili nusu ukurasa ni utabiri wa nyota: Mashuke atapata fedha, Nge aahirishe safari. Mimi na mke wangu wote ni Mizani. Juzi tuliahidiwa mchumba mpya, sote wawili.

Basi wabadilisheni Jumapili moja. Mtabiri apewe mistari minne chini ya matangazo ya viwanja vya Chanika, galaksi zipewe nusu ukurasa, na aandike aliyefaulu fizikia ya kidato cha nne. Akikosekana hapo ofisini, mtabiri aulizwe nyota zake zimeundwa kwa kitu gani. Gazeti lenye jibu hilo nitalinunulia kijiwe kizima.

Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Dar es Salaam