Mshiriki si mteja: jibu kwa aliyecheleweshewa zawadi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kulalamikia shughuli moja ya mashabiki wa tamthilia na katuni, ambamo washiriki hutungiana hadithi na kuchoreana picha kama zawadi. Alieleza kwamba alijisajili, akaandika hadithi yake na kuiwasilisha kwa wakati, lakini zawadi yake mwenyewe ikamfikia siku kadhaa baada ya wenzake kufungua zao. Akamalizia kwa kusema kwamba waandaaji ama watoze ada ili wawajibike, ama waache kuwasumbua watu. Mimi sihusiki na shughuli anayoilalamikia, ila ninaendesha nyingine ya namna hiyo hapa Tanga pamoja na wenzangu wachache, na kazi hiyo naijua nje ndani. Malalamiko yake ni ya haki. Ninachokipinga ni dawa aliyoiandika.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuiona shughuli kama hii, utaratibu wake ni huu. Kila anayejisajili hutaja tamthilia na katuni anazozipenda na wahusika ambao angependa kusoma habari zao zaidi, kisha hutaja zile ambazo yeye yuko tayari kuziandikia au kuzichorea. Waandaaji huwaoanisha watu kwa siri, kila mmoja akapewa wa kumtungia bila kujua ni nani anayemtungia yeye. Mpangilio huu hatukuubuni sisi. Yuletide, shughuli inayowakutanisha kwa njia ya intaneti mashabiki wa nchi mbalimbali, imekuwa ikifanyika kila mwaka tangu 2003: mshiriki humwandikia mwenzake hadithi isiyopungua maneno 1,000 juu ya kazi ambayo mashabiki wake ni wachache, hadithi hufunguliwa tarehe 25 Desemba, na majina ya waandishi hubaki siri hadi tarehe 1 Januari. Hakuna anayelipa wala anayelipwa. Sisi tumeuhamishia mpangilio huo kwenye likizo ya Juni kwa kuwa wengi wetu ni wanafunzi na walimu, na tumeongeza michoro kwa wale wanaosema kwamba kalamu yao haiandiki bali huchora.

Kuoanisha watu ndiko kunakokula usiku. Jedwali linaonekana jepesi hadi unapomfikia mtu aliyetaja tamthilia moja tu ambayo hakuna mwingine anayeifuatilia, kisha unamkuta mwingine asiyetaka hadithi yoyote yenye kifo, naye ndiye pekee anayeweza kupangiwa yule aliyeomba kisa cha mazishi. Ukimhamisha mmoja, wanne wanahama naye. Hata hivyo ugumu huo una raha yake, kama ilivyo kwa kila fumbo linalofumbuka, na sijawahi kumsikia mwandaaji aliyeacha kazi hii kwa sababu ya jedwali.

Wanaoacha huachishwa na ukimya. Mshiriki anayetuandikia majuma mawili kabla ya siku ya mwisho kwamba amefiwa, au mitihani imembana, au wazo limekataa tu kuja, hatuharibii kitu. Tunao waandishi wa akiba, watu waliokubali kuingia uwanjani dakika za mwisho, na majuma mawili yanawatosha kutunga kitu cha heshima. Yuletide nayo inawategemea watu wa aina hiyo mwaka hadi mwaka, na bila wao isingefika ilipofika. Anayetuumiza ni yule ambaye ujumbe wetu unaonyesha tiki mbili za bluu, kwamba ameusoma, na bado hajibu. Hatujui kama anaandika au amekwisha kukata tamaa. Tukimpa nafasi yake mtu wa akiba, huenda saa hiyohiyo akaleta hadithi kamili na kuuliza kwa nini tumemdharau. Tukimsubiri, siku inafika na mpokeaji hana kitu. Ninaamini kwamba zawadi ya msomaji wetu ilichelewa kwa sababu ya mtu kama huyo, na kwamba aliyeiandika hatimaye aliifanya kwa haraka, akitoka kazini, kwa ajili ya mtu asiyemjua na kwa deni lisilokuwa lake.

Kuna lawama moja ambayo siwezi kuwaondolea waandaaji wale. Kama msomaji anavyosimulia, hakuambiwa lolote mpaka siku yenyewe, alipoona wenzake wanashukuru naye hana cha kushukuru. Walipaswa kumwarifu mapema kwamba zawadi yake itachelewa na kwamba yupo mtu anayeishughulikia. Mwandaaji anayelaani ukimya wa washiriki hana ruhusa ya kuwa kimya mwenyewe.

Sasa niiendee hiyo ada. Msomaji anadhani kwamba fedha ingeleta uwajibikaji, lakini uzoefu wangu unanifanya niamini kinyume chake. Anayelipa shilingi elfu tano hujiona amekwisha kutimiza wajibu wake, na akishindwa kuandika atahesabu kwamba amepoteza elfu tano zake, basi. Waandaaji nao watalazimika kutunza risiti, kurudisha fedha na kusuluhisha ugomvi wa nani alipata hadithi fupi kwa bei ileile. Zaidi ya hapo, hadithi hizi zinatumia wahusika waliobuniwa na watu wengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na sidai kwamba kufanya jambo bure kunampa mtu kinga mbele yake. Lakini kuanza kukusanya fedha kwa kazi za namna hiyo ni kujitafutia matatizo ambayo walimu na wanafunzi hawana wakili wa kuyabeba.

Wala si kweli kwamba kazi ya kujitolea lazima iwe ya ovyo. Hifadhi ya Archive of Our Own, inayotunza hadithi za mashabiki na ambamo Yuletide hufanyikia, inaendeshwa na shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2007, kwa michango na kwa nguvu za watu wanaojitolea, na mwaka 2019 ilipewa tuzo ya Hugo, ambayo ni miongoni mwa tuzo zinazoheshimiwa zaidi katika fasihi ya kubuni ya kisayansi. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Japani. Maonyesho ya Comiket, ambako mashabiki huuziana vijitabu walivyovitunga na kuvichora wenyewe, yalianza Tokyo mwezi Desemba 1975 yakiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700, na leo huvuta mamia ya maelfu ya watu. Pale vijitabu vinauzwa na kununuliwa, lakini tangu zamani waandaaji wameshikilia kwamba ndani ya ukumbi ule hakuna mteja: anayeuza, anayenunua na anayeelekeza foleni kwa kujitolea wote ni washiriki, na wote wanabeba sehemu ya wajibu wa kuifanikisha siku ile. Hicho ndicho ninachokikosa katika barua ya msomaji wetu. Aliandika kama mtu aliyeagiza kitu dukani.

Asije mtu akafikiri kwamba ninaandika kwa manung'uniko matupu. Mwandaaji husoma kila kazi kabla ya mtu mwingine yeyote, na huo ndio mshahara wetu wa kwanza. Mwaka jana mshiriki mmoja aliomba kisa cha muuza kahawa ambaye katika tamthilia anayoipenda hupita barabarani mara moja tu, akigonganisha vikombe vyake, asionekane tena. Aliyepangiwa ombi hilo alimpa mzee yule mke, deni na safari ya alfajiri ya kwenda kununua mkaa, kiasi kwamba sasa siwezi kuitazama tamthilia ile bila kumsubiri apite. Mwingine alituletea mchoro wa penseli alioupiga picha usiku kwa simu, kivuli cha mkono wake kikiwa kimemfunika mhusika usoni. Tulimwomba aupige tena asubuhi karibu na dirisha, akatujibu kwamba bando limekwisha, na mwenzetu ambaye ni muuguzi akamrushia salio akiwa zamu ya usiku. Picha ilipofika asubuhi, tuliona kwamba kila kigae cha paa kilikuwa kimechorwa peke yake. Mambo haya yote yanatendeka kwa Kiswahili, miongoni mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kuandika chochote baada ya insha za shuleni. Wala hatukuleta jambo geni sana, maana wasomaji wa magazeti ya lugha hii walikuwa wakitungiana na kujibizana kwa mashairi tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923.

Pamoja na hayo, watu wanachoka, na uchovu wao hauonekani kwa sababu mwandaaji mzuri ni yule ambaye kazi yake haimshtui mtu. Anayesuluhisha ugomvi kati ya aliyeandika na asiyeridhika, anayekagua kama hadithi imenakiliwa mahali, anayehakikisha kwamba mtoto wa kidato cha pili hapangiwi maombi ya watu wazima, mara nyingi ni mtu mmoja na simu moja, na watoto wake wanamsubiri mezani. Kwa maoni yangu shughuli yoyote inayomtegemea mtu mmoja ipunguzwe mpaka iwatoshe waliopo, hata kama ni kwa kufunga usajili mapema na kuwaudhi waliochelewa. Sisi tulifanya hivyo, tukaitwa wabaguzi, lakini kila mpokeaji alipata zawadi yake siku ya kufungua.

Usajili wetu utafunguliwa mwezi Machi. Bado tunahitaji waandishi wa akiba, na mtu anayewasilisha kwa wakati kisha akakasirishwa na wasiowasilisha ndiye hasa tunayemtafuta. Msomaji wako akiridhia, Ndugu Mhariri, tafadhali mpe anwani yangu.

Wako,
Mwandaaji wa kujitolea,
Tanga